Miiba Niliyoipiga Tupa

Mlinipa waridi siku ya kuniaga. Waridi la bati, limekatwa kwa mashine, limepakwa rangi nyekundu ya gari, na chini yake mmeandika kwa Kiingereza kwamba mnanitakia mapumziko mema. Miaka yote hiyo niliyokaa karakana ya Ndhiwa sijawahi kuona waridi likimea Ndhiwa. Nikawauliza mbona waridi, mkacheka mkasema watu wanapenda waridi. Kisha mkaniomba niwaandikie machache kuhusu kazi, ili msome mkiwa na nafasi. Nafasi itafuteni. Nayaandika haya nikiwa na hasira, na mtakaofika mwisho mtajua hasira hiyo namdai nani.

Mimi ni Robi, Mkuria, na kwetu ni karibu na mpaka. Kabla ya kuja Ndhiwa nilikuwa nikiponda mawe ya dhahabu huko Migori, kazi ambayo mtu huvuna vumbi zaidi ya kitu kingine. Nilifika kwa fundi Ogola kwa sababu ya bangili ya mama yangu. Mama alikuwa amefariki, na bangili yake ya shaba ilikatika nilipojaribu kuivaa.

Ogola alikuwa jatheth, yaani mhunzi wa kuzaliwa. Baba yake na babu yake walifua chuma. Aliitazama bangili, akanitazama mimi.

"Uko na nini?" akauliza.

"Bangili imekatika."

"Hiyo naona. Mimi nauliza wewe, nyar Kuria. Wewe uko na nini?"

Nyar Kuria, binti wa Ukuria, ndilo jina nililobaki nalo tangu siku ile. Nilimjibu kwamba nilikuwa nimegombana na mama, na akafa kabla hatujapatana. Hakunipa pole. Alinionyesha mvukuto, akaniambia nivukute moto hadi shaba iwe nyekundu. Nilivukuta hadi jioni, na kesho yake nikarudi, na sikuondoka tena.

Kazi ya Ogola mnaijua kwa kusikia tu, ndiyo maana mnaiharibu. Watu walikuja kwake na furaha au uchungu, wakaondoka na ua la chuma. Ua la kuvaa kifuani, au la sikio, au la kusimamisha nyumbani na makaburini. Lakini hakuna mteja aliyechagua ua. Mteja alisema alichonacho moyoni, na ua likachaguliwa na fundi. Furaha ilikuwa ua la boga, kwa sababu ua la boga hufungua alfajiri na kufika adhuhuri limekwisha fumba. Ogola alisema furaha isiyofumba ni ulevi. Aibu ilikuwa ua la pamba. Linachanua jeupe kama maziwa, na kesho yake linakuwa jekundu lenyewe bila mtu kuligusa. Mapenzi yanayosonga pumzi yalikuwa ua la gugu maji, lile la zambarau linaloziba ziwa. Na hasira ilikuwa ua la mtunguja, ambao Waluo wanauita ochok. Ni ua dogo, zuri kabisa, lakini shina lake lina miiba, majani yake yana miiba, na hata kile kikombe kinacholishika ua kina miiba. Mbuzi mwenye akili hulizunguka.

Miezi mitatu nilivukuta tu. Kisha nikafundishwa kunyoosha waya wa umeme uliotupwa, kuchubua plastiki yake, na kuichoma shaba ilainike. Shaba ukiipiga nyundo sana inakuwa kavu na kupasuka, lazima uirudishe motoni, uipige tena, uirudishe tena. Nyinyi hamuirudishi. Mnataka ilainike mara moja kisha ivumilie kipigo hadi mwisho, na ikipasuka mnasema shaba ya siku hizi ni mbaya.

Kazi yangu ya kwanza ya peke yangu ilikuwa ua la pamba la mwalimu mmoja aliyempiga mkewe. Alitaka aivae aibu yake mwenyewe, kifuani, kanisani, watu waione. Niliona ni jambo la kiungwana. Nilifua petali tano, nikazichoma na kuzitosa katika maji yanayochemka hadi zikatoa wekundu. Sabato iliyofuata akalivaa, watu wakamsifu kwa unyenyekevu. Jumatatu mkewe alikuja karakana, jicho moja bado limevimba.

"Sasa yeye amevaa aibu na watu wanampigia makofi," akasema. "Mimi nivae nini?"

Ogola alimtengenezea ochok siku hiyohiyo. Mwalimu hakuja tena kanisani na lile la pamba. Hapo ndipo nilipofundishwa kanuni ambayo sasa mnaiona ni ushamba: ua ni la mwenye moyo, si la anayekuja kulichukua, wala si la watakaolitazama. Mtu wa pembeni akikuambia upunguze hapa uongeze pale, mtoe nje.

Niliijua kanuni hiyo vizuri. Niwaambie sasa nilivyoivunja.

Karakana ilifanya pia kazi za kawaida. Bawaba, majiko, viraka vya mabati. Siku moja alikuja mtu wa Kisegi, kule ufukweni mwa ziwa, jina lake Okumu, mwenye mashua tatu za uvuvi na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Mashua yake moja ilikuwa inavuja. Ogola alikuwa amelala, kifua kinamsumbua, kwa hiyo nilikwenda mimi, na bati, misumari, nyundo, lami na tupa ya kusugulia chuma.

Mashua ilikuwa imelazwa ubavu ufukweni. Niliuweka mpini wa tupa juu ya ubao wa chini nikasukuma kidogo, ukazama. Nikajaribu mahali pengine, ukazama tena. Ubao ulikuwa umeoza urefu wa mkono mzima.

"Hapa kiraka hakitashika," nikamwambia. "Ondoa hii mbao, uweke ingine."

"Mbao itakuja, sister. Wewe weka tu."

"Mzee, hii imeoza."

"Nimesikia. Si nimesema weka?"

La kuvunda halina ubani, na mimi nililijua hilo nikiwa nimepiga magoti pale mchangani. Lakini nikaweka. Fundi huijua mbao kwa sauti. Mbao nzima hujibu nyundo. Ile haikujibu. Misumari iliingia kama kwenye ndizi mbivu. Nilipiga kumi na minne, nikapaka lami, nikaona kazi imependeza kwa nje, nikarudi Ndhiwa.

Hazikupita wiki mbili mashua ile ikajaa maji mbali na ufuo. Walikuwa watatu. Wawili waliogelea hadi wakaokolewa. Wa tatu, Omondi, hakuonekana. Omondi alikuwa mtoto wa pekee wa mjane aitwaye Turfosa, na marehemu mume wa Turfosa alikuwa kaka yake Okumu. Kwa hiyo aliyemtuma Omondi ziwani katika mashua ile alikuwa baba yake mdogo.

Walitafuta, wakachoka. Kwa desturi ya Waluo, mwili usipopatikana, linazikwa tunda la mwegea, lile refu zito wanaloliita yago, badala ya mtu. Ukoo ukapanga siku. Turfosa akaja Ndhiwa kabla ya siku hiyo, amevaa leso ya kazini, macho makavu. Ogola alikuwa amepata nafuu kidogo, ameketi kwenye kigoda chake karibu na fuawe.

"Mama Omondi, pole. Uko na nini?"

"Kila mtu ananiambia nilie," akasema Turfosa. "Mimi sina machozi. Niko na hasira. Hiyo mashua ilikuwa mbaya, na mwenyewe alijua, na mtoto wangu hakujua. Lakini nikisema hivyo wananiuliza, umeona wapi? Nani alikuambia? Sina mtu."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, nyundo mkononi. Ileile. Alisema hana mtu, na mtu nilikuwa mimi. Nikaiweka nyundo chini, nikageukia mvukuto.

Ogola akasema litakuwa ochok, la kusimama kaburini, urefu wa mtoto wa miaka mitano, na miiba yote. Kwa kuwa kifua hakikumruhusu kukaa na moshi, kazi akanipa mimi. Nataka mjue niliifanya vizuri. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile, kabla wala baada. Shina nililifua kwa chuma cha springi ya lori. Maua saba ya shaba, katikati nikaweka vipande vya kufuli za zamani vilivyong'aa manjano. Miiba niliinyoosha mmoja mmoja, nikaichonga, nikaijaribu kwa kidole gumba. Ambao haukutoa damu niliurudia. Siku nne nilifanya hivyo, na kila mwiba nilijua unamwelekea nani. Nilijua pia kwamba sehemu yake inanielekea mimi, na nikaona ni haki.

Siku moja kabla ya mazishi, Okumu alikuja na pikapu kulichukua. Ogola alikuwa amelala ndani. Okumu alilizunguka lile ua mara mbili.

"Hii ni ya nini? Hii ni silaha," akasema. "Watoto watacheza pale, wataumia. Na watu watauliza, huyu mama anataka kuchoma nani?"

"Ni lake, mzee. Alilisema mwenyewe."

"Shemeji yangu ana uchungu, hajui anasema nini. Wewe punguza hiyo miiba. Piga tupa, ibaki laini, ikae kama ua ya watu."

Nikatikisa kichwa. Ndipo aliposogea karibu, akasema polepole, bila ukali wowote: "Nyar Kuria, hata wewe ulipiga misumari. Kumi na minne. Nilihesabu."

Wenzangu, nilichukua tupa. Nilianza na ile ya chini, nikapanda. Mwiba ambao ulinichukua nusu saa kuuchonga uliisha kwa kusuguliwa mara sita. Okumu alisimama pale akinitazama hadi wa mwisho, kisha akapitisha kiganja chake juu ya shina, taratibu, kama mtu anayempapasa ng'ombe anayetaka kumnunua, akaridhika. Vumbi la chuma lilikuwa limejaa miguuni pangu. Nililifagia ili Ogola asilione.

Kaburini Turfosa alifanya vilevile. Wimbo ulipokwisha na yago lilipofunikwa, alilisogelea ua, akalishika shina kwa kiganja wazi, kwa nguvu, akapandisha mkono hadi juu. Akautazama mkono. Haukuwa na hata mkwaruzo. Akanitafuta katikati ya watu.

"Nyar Kuria. Hii ni ua ya nani?"

Nikaanza kusema niliona labda watoto, labda wageni. Sikumaliza. Alimgeukia Okumu akamwita muuaji mbele ya wote, kwa Dholuo, lugha yao, na sauti yake ilipasuka. Wanawake wakamshika mikono. Mhubiri akasimama akasema hasira ni hasara. Wakakubaliana wote, wakatikisa vichwa. Tangu siku ile sijaipenda methali hiyo. Wanaopenda kuisema ni wale ambao hasira ya mtu imewaelekea, na wangefurahi kama angeimeza afe nayo.

Kabla ya mwaka kwisha Turfosa hakuwa tena Kisegi. Walianza kwa kusema huzuni imemgeuza kichwa. Kisha wakasema anamtakia Okumu kifo, kisha wakasema ana jicho baya, na mwishowe hakuna aliyemsaidia moto wala maji. Alirudi kwao, upande wa Kosele, akaliacha kaburi la mwanawe na ua langu laini juu yake. Aliondoka kama mwongo, na aliyekuwa na ukweli wake mfukoni ni mimi.

Ogola alisikia habari ya miiba kwa watu wengine. Hakupiga kelele. Aliomba tupa yake, nikampa.

"Kiswahili ni lugha mbaya," akasema. "Imetumia neno moja kwa vitu mbili. Wewe umeua ua."

Habari ya misumari hakuijua. Alikufa bila kuijua, na mimi nililia kwenye mazishi yake zaidi ya watoto wake, watu wakasema mwanafunzi huyu alimpenda mwalimu.

Baada ya hapo nikawa maarufu kwa miiba. Hilo ndilo linalonikereketa kupita yote. Kila kitu nilichokigusa nilikitia mwiba: hereni, vipini, hata bawaba. Wakaja watu na kamera kutoka mbali, wakaniambia nitabasamu nishike nyundo, wakaandika kwamba mimi ni mwanamke jasiri. Tulipopeleka kazi kwenye maonyesho mjini Homa Bay, ofisa mmoja aliyetembea na kitabu alitazama ochok langu refu akauliza kama sina kitu chenye matumaini. Nikamwambia matumaini yamekwisha, labda arudi Alhamisi. Wakaliweka ochok nyuma, njia ya chooni, na ua la plastiki likawekwa mezani kwa mgeni rasmi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na cha plastiki huketi na wakubwa.

Nimewafundisha wengi wenu. Nimewafundisha lehemu, kalibu, jinsi ya kushika koleo bila kuchomeka, jinsi ya kumsikiliza mteja hadi aseme lile analolizunguka. Sikuwafundisha hili la Kisegi, kwa sababu lingenivua nguo mbele yenu.

Sasa tuje kwenye siku ya kuniaga, maana mnasema nyuma yangu kwamba uzee umenipanda kichwani. Soda zilipokwisha, Akinyi, ambaye ni fundi bora kati yenu, alisimulia kisa cha kuchekesha. Msichana mmoja alikuwa ameagiza ochok la kifuani. Alikuwa amefanyiwa ubaya na bosi wake, na alitaka alivae kazini kila siku, mbele ya macho ya bosi huyo. Mama yake akapiga simu, akaomba miiba ipunguzwe ili mtoto asije akapoteza kazi.

"Tukapiga tupa, tukaweka na kajani," Akinyi akasema. "Ikatoka cute. Mteja ni mfalme, si ndiyo, Mama Robi?"

Mkacheka wote. Mimi nikalitupa lile waridi lenu ukutani, likapinda, nikatoka. Hamkuelewa, na mngeelewaje? Akinyi hakufanya lolote ambalo mimi sikulifanya, isipokuwa yeye hakujua na mimi nilijua. Nilikuwa nimewakasirikia nyinyi kwa kosa langu mwenyewe, tena nikala keki yenu kwanza.

Siku ya soko iliyofuata nilikwenda Kosele. Nilibeba ochok dogo la mkononi, shina la chuma na maua matatu, miiba yote mizima. Nilimkuta Turfosa chini ya mwavuli uliopauka, ameketi nyuma ya mafungu ya viazi vitamu. Amezeeka. Alinitambua kabla sijafungua mdomo.

Nilichutama, nikaweka ua juu ya gunia. Hakuligusa. Basi nikamwambia yote, kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini: mpini wa tupa uliozama ubaoni, misumari kumi na minne, maneno ya Okumu, na tupa. Nilisema kwa mpangilio, nikaomba msamaha.

"Miaka yote," akasema. "Miaka yote nikajiuliza kama kweli mimi ni mwendawazimu."

Nikamsogezea lile ua. Akalisukuma kando kwa kiwiko.

"Hiyo weka. Sitaki chuma leo. Na hiyo Kiswahili yako ya polisi, unaninong'oneza ya nini? Mimi nilishajua. Si mimi nilikuwa sijui." Alionyesha soko kwa kidevu. "Hawa ndio waliambiwa mimi ni mchawi. Huyo wa omena ameolewa kwao Okumu. Simama. Sema na Dholuo."

Dholuo yangu ni mbovu. Nimeishi kati ya Waluo maisha yangu yote ya kazi nikijificha nyuma ya Kiswahili, kwa kuwa Kiswahili ni cha kuongea na ofisa na mgeni, na mgeni hadaiwi mambo ya ukoo. Yeye alilijua hilo. Nikasimama.

"Yie ne otop," nikasema. Mashua ilikuwa imeoza. "Ne ang'eyo." Nilijua.

Yule wa omena akaacha kupima dagaa wake. Mtu mmoja akauliza, mashua gani?

"Sema tena," akasema Turfosa, bila kunitazama. "Na utaje majina."

Nikasema tena, kwa sauti, na nikataja. Nikataja la Omondi. Nikataja la Okumu. Kisha nikataja langu.